Paul Panda Farnana: askari wa Namur aliyedai heshima kwa Wakongomani waliokufa vitani

Tarehe 5 Agosti 1914, siku moja baada ya majeshi ya Ujerumani kuingia Ubelgiji, Mkongomani mmoja aliyekuwa likizoni katika inchi hiyo alikwenda kujiandikisha kuwa askari. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, mwenye diploma tatu mkononi, na alikuwa na umri wa miaka 26 hivi. Siku 18 baadaye alikuwa mateka wa Wajerumani, na alikaa kifungoni miaka minne.

Jina lake ni Paul Panda Farnana. Vitabu vya historia vinamtaja kama Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu huko Ubelgiji. Upande wake wa askari unatajwa kidogo zaidi. Lakini ni vita ndiyo iliyomgeuza mfanyakazi mtulivu wa serikali ya koloni kuwa mtu anayesimama mbele ya wakubwa wa Bruxelles na kuuliza: Wakongomani waliokufa kwa ajili ya Ubelgiji wanakumbukwa wapi?

Mtoto wa chifu apelekwa Ulaya

Panda alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Leo sehemu hiyo iko katika jimbo la Kongo ya Kati, upande wa Moanda. Wakati huo inchi yote ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Baba yake alikuwa chifu aliyetambuliwa na serikali, mmoja wa wale waliovalishwa medali ili wasimamie vijiji kwa niaba ya Bula Matari.

Mwaka 1900, akiwa na miaka 12, alipelekwa Ubelgiji na afisa mmoja wa Kibelgiji, luteni Jules Derscheid. Katika miaka ile Wazungu wengine waliwabeba watoto wa Kongo kwenda Ulaya kama watumishi, au kama kitu cha kuonyesha watu. Wengi walirudishwa baada ya muda mfupi, wengine walikufa kwa baridi na magonjwa ya kifua. Panda alipata bahati nyingine. Derscheid alimkabidhi kwa dada yake, Louise, aliyeishi Bruxelles. Mwanamke huyo alimlea nyumbani kwake, akamfundisha muziki na kuchora, akamwandikisha katika shule ya serikali ya Ixelles pamoja na watoto wa Kibelgiji.

Mwaka 1904 alifanya mtihani wa kuingia katika shule ya kilimo ya Vilvoorde, kaskazini mwa Bruxelles. Akashinda. Mwaka 1907 alipata diploma yake kwa alama nzuri. Akaendelea Ufaransa, katika shule ya Nogent-sur-Marne karibu na Paris, iliyofundisha kilimo cha inchi za joto, kisha akarudi Ubelgiji kusoma Kiingereza huko Mons.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ikamwajiri kama msimamizi wa mashamba. Alirudi Kongo akiwa amevaa suti, mwenye mshahara na cheo, akatumwa Eala, kwenye bustani kubwa ya mimea karibu na Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Baadaye alifanya kazi pia katika Bas-Congo. Kwa Wazungu wa koloni hilo lilikuwa jambo jipya kabisa: Mwafrika anayejua kilimo kuliko baadhi ya wakubwa wake, anayeandika ripoti kwa Kifaransa safi, na anayetegemea kuheshimiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote wa serikali.

Hapo ndipo alipoiona inchi yake kwa macho ya mtu mzima. Aliona namna kazi ya lazima ilivyopangwa, namna wabeba mizigo walivyokusanywa, namna Mkongomani aliyesoma alivyobaki chini ya Mzungu asiyesoma. Hakuyasema hadharani wakati huo. Mwaka 1914 alikuwa likizoni Ubelgiji wakati vita ilipolipuka.

Askari bila mafunzo

Kule Kongo, njia ya kuingia jeshini ilijulikana. Force Publique, jeshi la koloni, lilichukua vijana kwa hesabu iliyopangwa: kila chifu alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana. Wengi hawakwenda kwa kupenda. Chifu mara nyingi aliwatoa wale asiowataka kijijini, au wale wasio na ndugu wa kuwatetea. Kijana aliyechukuliwa alitumika miaka saba. Alipelekwa kambini mbali na kwao, akachanganywa na watu wa makabila mengine, akafundishwa kutii amri, kupiga gwaride na kutumia bunduki, akajifunza Lingala, lugha ambayo hata leo mkaaji wa Goma, Bukavu au Bunia akiisikia barabarani usiku anafikiri kwanza juu ya wanajeshi. Aliyekosea alichapwa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya wenzake. Aliyefanya vizuri aliweza kuwa kaporali au sajini, na hapo ndipo ngazi iliishia. Uafisa ulikuwa wa Wazungu peke yao.

Panda hakupitia njia hiyo. Hakuna chifu aliyemtoa, hakuna kamba iliyomfunga. Alijiunga kwa hiari na Kikosi cha Wakongo wa Kujitolea, kilichoanzishwa haraka huko Ubelgiji na watu waliokuwa wametumika katika koloni. Aliyekiongoza ni koloneli Louis Chaltin, afisa wa zamani wa Force Publique, anayejulikana kwa kuwashinda Wamahdi huko Rejaf, kwenye mto Nile, mwaka 1897. Wengi katika kikosi hicho walikuwa Wazungu. Kati yao waliingia Wakongomani wachache.

Ubelgiji, tofauti na Ufaransa, haikuleta vikosi vya Afrika kupigana Ulaya. Ufaransa ilisafirisha makumi ya maelfu ya askari kutoka Senegal na makoloni mengine. Ubelgiji iliwaacha askari wa Force Publique kule Kongo. Kwa hiyo Wakongomani waliovaa sare ya Ubelgiji huko Ulaya ni wale tu waliokuwa wamekwisha kufika wenyewe: mabaharia, watumishi wa nyumbani, wafanyakazi. Watafiti wamehesabu 32 katika vita nzima.

Mmoja wao alikuwa kijana wa mashariki. Albert Kudjabo alitoka upande wa Kilo, katika inchi ya dhahabu ya Ituri. Alikuwa na miaka 18 hivi alipojiandikisha. Yeye na Panda, mmoja mtoto wa mwambao wa bahari, mwingine mtoto wa milima ya mashariki, walikutana katika kikosi kimoja, umbali wa maelfu ya kilometa kutoka kwao.

Hakukuwa na nafasi ya mafunzo marefu. Walipelekwa Namur, mji ulioko pale mto Sambre unapokutana na mto Meuse. Mji huo ulizungukwa na ngome tisa, na wakuu wa jeshi la Ubelgiji waliamini kwamba zingeweza kuzuia adui kwa muda mrefu. Wajerumani walikuja na mizinga mikubwa ambayo ngome hizo hazikujengwa kuistahimili. Zege ilipasuka, ngome zikaanguka moja baada ya nyingine. Tarehe 23 Agosti 1914 Wajerumani waliingia mjini. Chaltin alikamatwa. Panda na Kudjabo pia walikamatwa.

Miaka minne ya kifungo

Mateka walipelekwa Ujerumani, kutoka kambi hadi kambi. Walijua njaa, baridi na kazi ya kulazimishwa kama mateka wengine. Lakini Waafrika walikuwa na jambo la ziada. Wajerumani waliwaangalia kama watu wa ajabu. Walipigwa picha, walipimwa vichwa, na wataalamu wa lugha walikuja kambini na mashine za kunasa sauti.

Kudjabo ni mmoja wa wale walionaswa sauti. Mbele ya mashine ya wataalamu wa Berlin aliimba nyimbo za kwao, akapiga ngoma, akasimulia hadithi. Sauti hiyo imehifadhiwa Berlin hata sasa. Ni ajabu ya historia: kati ya maelfu ya vijana wa Kongo waliopigana katika vita ile, mmoja ambaye sauti yake inaweza kusikika leo ni kijana wa Ituri, na aliyeihifadhi ni adui.

Kwa Panda, miaka ile ilikuwa shule nyingine. Kambini alikutana na watu wa makoloni mbalimbali. Aliona Mzungu akimtesa Mzungu mwenzake, aliona wakubwa wakiomba mkate. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba Ulaya ni mwalimu wa ustaarabu aliona ustaarabu huo ukioga damu. Alipoachiliwa baada ya vita kwisha Novemba 1918, akarudi Bruxelles, hakuwa tena yule msimamizi wa mashamba wa Eala.

Vita nyingine, huku mashariki

Wakati Panda akiwa kifungoni, ndugu zake walikuwa wakipigana Afrika, na sehemu kubwa ya vita hiyo ilianzia huku mashariki. Agosti 1914 Wajerumani walishambulia Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, kwa meli yao ya ziwa Tanganyika. Septemba wakateka kisiwa cha Idjwi kwenye ziwa Kivu, wakakishika hadi mwaka 1916.

Mwaka huo wa 1916 Force Publique ilivuka mpaka. Jenerali Charles Tombeur aliongoza jeshi hilo. Kundi moja lilipita upande wa Kivu kuelekea Kigali, lililochukuliwa mwezi wa Mei. Kundi jingine lilishuka upande wa Rusizi kuelekea Burundi. Kisha wakasonga hadi Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora, mji mkuu wa reli ya kati ya koloni la Ujerumani. Mwaka uliofuata wakafika Mahenge.

Ushindi huo ulibebwa kichwani. Hakukuwa na barabara wala magari ya kutosha. Risasi, unga, chumvi, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu. Katika vita nzima wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa kutoka Kongo, na wengi walitoka vijiji vya mashariki, vilivyo karibu na uwanja wa vita. Walikufa kwa kuhara damu, kwa njaa, kwa baridi ya milimani, kwa uchovu. Waliokufa kati ya wapagazi walizidi sana askari waliokufa kwa risasi. Wengi walizikwa kando ya njia, bila jina.

Ubelgiji ilipata faida kubwa. Katika mazungumzo ya amani, Tabora na Mahenge ndizo zilizompa mfalme Albert nguvu ya kudai sehemu yake, na matokeo yake ni kwamba Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji. Jenerali Tombeur naye alipata heshima yake: alifanywa baron, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina la ukoo wake. Baadaye alijengewa mnara Bruxelles.

Askari wa Kongo walipata nini? Baadhi walivalishwa medali. Sajini aliyerudi na medali kifuani aliheshimiwa kambini, na alipoachiwa alikwenda nayo kijijini. Lakini cheo cha afisa hakikuguswa. Na mpagazi alirudi, kama alirudi, na mikono mitupu.

Chama cha 1919

Tarehe 30 Agosti 1919, huko Bruxelles, Panda na wenzake walianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana na kuendeleza Wakongomani. Kilianza na wanachama 33 hivi. Wengi walikuwa askari waliorudi kutoka vitani na kutoka kambi za mateka, na Kudjabo alikuwa kati yao. Panda alikuwa rais. Chama kilisaidia wagonjwa na wenye shida, kilipanga masomo kwa wale ambao hawakupata shule. Hata waziri wa makoloni, Louis Franck, alikubali kukiunga mkono.

Sababu ya chama hicho haikuwa umaskini tu. Baada ya vita, hali ya Wakongomani wa Ubelgiji iligeuka. Mwaka 1914 walikuwa wamekaribishwa kushika bunduki. Mwaka 1919 baadhi ya Wabelgiji walitaka waondoke. Pigo lililouma zaidi lilitoka kwa watu waliotegemewa kuwa ndugu: gazeti la askari wa zamani, Le Journal des Combattants, liliandika kwa dharau kwamba Weusi hawa warudishwe kwao, chini ya kivuli cha migomba.

Panda na wenzake hawakunyamaza. Walijibu kwa maandishi, kwa utulivu na kwa hoja. Waliwakumbusha wasomaji kwamba Wakongomani walikuwa Namur, kwamba walikula njaa ileile katika kambi zilezile, na kwamba wakati wa hatari hakuna aliyewaambia warudi kwenye migomba. Kwa mtu wa koloni kujibu namna hiyo katika gazeti la mji mkuu wa mtawala, mwaka ule, lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana.

Mbele ya wakubwa

Desemba 1920 mkutano mkubwa juu ya koloni ulifanyika Bruxelles. Panda alikuwemo, na alizungumza. Alidai mambo mawili hasa. La kwanza ni elimu: Mkongomani asome kweli, katika shule za serikali, na siyo kufundishwa katekisimu na kazi za mikono peke yake. La pili ni sauti: Wakongomani washirikishwe katika kuongoza mambo ya inchi yao.

Hakudai uhuru. Mwaka 1920 karibu hakuna Mkongomani aliyeusema hadharani. Alitaka Ubelgiji itimize ahadi ambayo yenyewe ilijisifu nayo, ile ya kustaarabisha. Lakini hata hilo lilionekana kuwa jeuri. Miaka 40 baadaye, mwezi wa Juni 1960, Kongo ilipata uhuru ikiwa na Wakongomani wachache sana wenye diploma ya chuo kikuu, na katika Force Publique hakukuwa na afisa Mkongomani hata mmoja. Siku chache baadaye askari wa Léopoldville na Thysville waliasi, na inchi ikaingia katika machafuko. Jambo ambalo Panda aliliomba kwa upole mwaka 1920 liligeuka kuwa deni lililolipwa kwa damu.

Panda alikuwa pia katika harakati za Waafrika na Weusi wa dunia. Alihudhuria mkutano wa W.E.B. Du Bois mjini Paris Februari 1919. Mkutano wa pili, wa mwaka 1921, ulifanyika London, Bruxelles na Paris, na Panda alishiriki katika kuupokea Bruxelles. Blaise Diagne, mbunge wa Senegal, aliongoza vikao na kuhakikisha kwamba maneno makali dhidi ya Ubelgiji hayapiti. Panda mwenyewe hakuwa mtu wa maneno makali.

Hilo halikumsaidia. Mwaka huohuo Simon Kimbangu alikuwa akikusanya watu huko Nkamba, na serikali ya koloni iliogopa. Kimbangu alikamatwa mwezi wa Septemba, akahukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951. Katika hofu hiyo, baadhi ya magazeti ya Ubelgiji yalitafuta mkono wa Wakongomani wa Bruxelles nyuma ya kila jambo. Panda aliitwa mfuasi wa Marcus Garvey, aliitwa mchochezi, aliitwa rafiki wa wakomunisti. Alikana. Ukweli ni kwamba kundi la Du Bois na kundi la Garvey walikuwa wapinzani. Lakini lawama ilikwisha kusambaa.

Askari asiye na jina

Tarehe 11 Novemba 1922, katika sherehe kubwa mbele ya mfalme Albert, Ubelgiji ilizika askari asiyejulikana chini ya mnara wa Congrès, katikati ya Bruxelles. Inchi nyingi zilifanya hivyo baada ya vita. Maana yake ilikuwa wazi: mtu mmoja asiye na jina anasimama mahali pa wote waliokufa bila kaburi, ili kila mama aliyepoteza mtoto aweze kuamini kwamba ni wake.

Panda alidai kwamba Wakongomani waliokufa wapewe heshima ya namna hiyo pia. Hoja yake ilikuwa rahisi, na kwa hiyo ilikuwa ngumu kujibu. Kama Ubelgiji ilichukua nguvu ya askari wa Tabora na mgongo wa mpagazi wa Kivu, na kama ilipata inchi mbili mpya kwa kazi yao, basi iwatambue wafu wao. Hakuomba fedha. Aliomba jiwe, sherehe na jina.

Ombi hilo halikupata jibu maishani mwake. Mnara wa kukumbuka askari wa vita za Afrika ulizinduliwa Schaerbeek, mtaa mmoja wa Bruxelles, mwaka 1970. Panda alikuwa ameshakufa miaka 40. Wakati huo vita nyingine ilikuwa imekwisha pita, na Wakongomani walikuwa wamepigana tena: Abisinia mwaka 1941, ambako waliwashinda Waitaliano kule Saïo, na hata Burma, ambako walihudumia majeruhi wa Waingereza.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1929 Panda aliondoka Ubelgiji. Alikuwa ameishi huko sehemu kubwa ya maisha yake. Alirudi Nzemba, kijiji alikozaliwa. Huko alianzisha shule, akajenga kanisa dogo, akasimamia kiwanda cha mafuta ya mawese. Ni kama aliamua kufanya kwa mikono yake, katika kijiji kimoja, yale aliyoshindwa kuyapata kwa hotuba kwa ajili ya inchi nzima.

Hakupata muda. Alikufa Matadi tarehe 12 Mei 1930, akiwa na miaka 42 hivi. Hakuacha mtoto. Union Congolaise ilidhoofika baada ya kuondoka kwake. Kudjabo, mwenzake wa Namur, alifia Bruxelles mwaka 1934.

Kwa miaka mingi jina la Panda lilisahauliwa. Wabelgiji hawakuwa na sababu ya kumkumbuka, na Kongo huru ilikuwa na mashujaa wake wapya. Watafiti wa Kongo na Ubelgiji walimrudisha polepole, na mwaka 2011 filamu juu ya maisha yake ilitolewa, yenye jina la Kifaransa linalosema kwamba alikuwa Mkongomani anayesumbua.

Heshima inayochelewa

Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa. Katika sherehe mbele ya mnara wa askari wa zamani, alimvalisha medali kubwa Albert Kunyuku, kaporali wa Force Publique aliyefika hadi Burma katika vita ya pili ya dunia. Mzee huyo alikuwa na miaka 100. Picha yake akiwa ameketi na medali kifuani ilizunguka inchi nzima. Watu wengi walifurahi kwa ajili yake. Wengine walihesabu miaka: vita hiyo ilikwisha mwaka 1945.

Hesabu hiyo ndiyo Panda aliyoifanya kabla ya wote. Alielewa kwamba medali inayomfikia mtu mmoja aliyebaki hai haiwezi kuwafikia waliozikwa kando ya njia ya Tabora. Alielewa pia kwamba askari hataki sifa tu. Anataka mtoto wake asome, anataka mjane wake asitupwe, anataka cheo kimfikie anayestahili. Kambi za askari za Kivu na Ituri leo zina wajane na walemavu wanaojua maana ya maneno hayo bila kufundishwa.

Paul Panda Farnana alikuwa askari wa uwanja wa vita kwa siku 18 tu, na mateka kwa miaka minne. Miaka 11 iliyofuata aliitumia kupigania wale ambao hawakurudi. Vita hiyo ya pili hakuishinda. Lakini kila mara jina la askari wa Kongo linapoandikwa kwenye jiwe, ni ombi lake linalojibiwa, kidogo kidogo, na kwa kuchelewa.